Mche Uliokufa Moyo

Leo tutazame pamoja shamba la mtama, kama yale yaliyo huku kwetu Amagoro, toka Malaba kuelekea Busia, na ng'ambo kwa ndugu zetu wa Teso ya Uganda.

Mtama una adui mdogo. Ni nzi, mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Hutaga yai moja moja chini ya jani, wakati mche ungali mchanga, katika mwezi wa kwanza tangu kuota. Yai likianguliwa, funza hutambaa mpaka katikati ya mche, akaingia na kukata sehemu ile changa inayokua. Baada ya siku chache jani la katikati hunyauka. Ukilivuta, latoka mkononi mara moja, nalo lanuka uozo. Wataalamu wa kilimo husema moyo wa mche umekufa.

Mtu asiyejua huung'oa mche huo na kuutupa. Lakini mwenye subira huona jambo la ajabu. Mizizi ingali hai. Moyo wa kwanza ukishakufa, mche hutoa machipukizi shinani, mawili, matatu, hata zaidi. Ule uliokuwa na bua moja huwa kichaka kidogo, na mabua hayo yaweza kuzaa masuke.

Jambo hili lilichunguzwa karibu nasi. Katika kituo cha utafiti cha Serere, huko Teso ya Uganda, Hugh Doggett alizalisha aina ya mtama iitwayo Serena. Mwaka wa 1970 yeye na wenzake walieleza kwa maandishi nguvu ya mtama wa namna hiyo. Si kwamba nzi hawaushambulii. Huushambulia, nao hupoteza moyo, kisha huchipuka upya upesi na kuzaa.

Hata hivyo tusijidanganye. Machipukizi huchelewa kukomaa. Mvua ikikatika mapema, au magugu yakiyasonga, hayazai. Na nzi wakiwa bado wengi, huyala nayo. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa kupanda mapema, mvua zinapoanza, na wote kwa wakati mmoja. Basi kuumia kwa mche si baraka. Baraka ni uzima uliobaki katika mizizi, na mkono wa mkulima apaliliaye.

Ndugu zangu, tunayo miche ya namna hii nyumbani mwetu. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa wote Januari 2021, wako watoto wasiorudi. Mvulana alikwisha kuonja fedha ya mpakani. Msichana alikuwa na mimba. Tangu mwaka wa 1994 utaratibu wa serikali unamruhusu msichana wa namna hii kurudi shuleni akiisha kujifungua. Mlango u wazi. Lakini ni nani atakayempeleka mpaka mlangoni? Ni nani atakayembeba mtoto mchanga saa za masomo? Akina mama wa kanisa, swali hili ni lenu. Akina baba, lenu ni hili: yule mtu mzima aliyemwumiza, je, angali anatembea kijijini bila kuulizwa? Tukimwacha, chipukizi nalo litaliwa.

Tena tukubali kwamba atachelewa. Wenzake watamaliza kabla yake. Tusimhesabie kuchelewa huko kuwa aibu, wala tusiseme tu, "Mungu atajua," kisha tukaondoka shambani.

Nabii Isaya, katika mlango wa 11, alimtazamia Mwokozi kama chipukizi litokalo katika shina la Yese. Nyumba ya Daudi ilikuwa kama mti uliokatwa. Watu walikwisha kuona kwamba habari yake imekwisha. Bwana wetu alitoka hapo. Basi sisi tulio wake tutawezaje kumng'oa mtoto ambaye mizizi yake ingali hai?

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona uzima pale tulipoona mnyauko tu, na mikono isiyochoka kupalilia. Amina.