Kupanga mafaili nako ni kuchagua

Hakuna maneno yanayomchosha mwananchi kama haya: "Faili lako halionekani, njoo kesho." Mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo chake huyasikia. Mama aliyempeleka mtoto kliniki huyasikia. Mwenye kiwanja anayetafuta hati yake huyasikia pia. Kesho ikifika anaambiwa kesho kutwa, na nauli ya daladala inazidi kuteketea.

Tumezoea kumtafuta mchawi. Tunasema karani ni mvivu, au anangoja chai. Wakati mwingine ni kweli. Lakini leo ningependa tumweke karani pembeni kidogo, tutazame jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni namna mafaili yenyewe yanavyopangwa.

Chukueni masjala yenye mafaili 1,000. Yakiwa yamekaa shaghalabaghala, anayetafuta moja anaweza kulazimika kuyagusa yote 1,000. Yakishapangwa kwa namba, anachomoa la katikati, anaona kama analolitaka liko kushoto au kulia, anaiacha nusu nzima, kisha anaendelea hivyo hivyo na nusu iliyobaki. Hatatazama zaidi ya mafaili 10. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuhudumiwa leo na kuambiwa njoo kesho.

Je, kuyapanga hayo mafaili kunagharimu nini? Hapa ndipo wataalamu wa kompyuta walipotutangulia, maana wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 70. Utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufanya kazi kama hii wao huuita algorithimu. Wanaupima kwa vipimo viwili: unakula muda kiasi gani, na unakula nafasi kiasi gani.

Tuanze na njia ambayo mtu yeyote angeibuni. Unaanzia mwanzo wa rafu, unalinganisha faili la kwanza na la pili. Kama hayako sawa unayabadilisha nafasi. Kisha la pili na la tatu, hadi mwisho. Halafu unarudi mwanzo na kurudia, mpaka rafu itulie. Wataalamu huiita njia ya mapovu, kwa sababu mafaili hupanda polepole kama mapovu yanavyopanda majini. Ni rahisi kuielewa, wala haihitaji meza ya ziada. Lakini kwa mafaili 1,000 inaweza kudai ulinganishaji mara 499,500. Karani akitumia sekunde 5 kila mara, kwa saa 8 kwa siku, atamaliza baada ya karibu siku 87 za kazi.

Udhaifu wa njia hii unajulikana sana. Mwaka 2007 Barack Obama, wakati huo akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, alitembelea kampuni ya Google, akaulizwa kwa utani njia bora ya kupanga namba milioni moja. Alijibu kwamba hadhani njia ya mapovu ingefaa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sasa tazameni njia ya pili. Yagaweni mafaili yale 1,000 katika mafungu madogo madogo. Chukueni mafungu mawili yaliyokwisha kupangwa, muyaweke mezani, mtazame faili la juu la kila fungu, na lile linalotangulia liwekwe kwenye fungu jipya. Rudieni hivyo mpaka mafungu yote yawe moja. Kwa njia hii ulinganishaji hauzidi mara 9,000. Karani yule yule, kwa sekunde zile zile 5, atamaliza kwa takriban siku moja na nusu. Hatukumwongezea mshahara, wala hatukumfukuza kazi. Tumebadilisha utaratibu tu.

Mafaili yakiwa mengi zaidi, pengo linatisha. Kwa rekodi milioni moja, njia ya mapovu inaweza kudai ulinganishaji unaokaribia bilioni 500, wakati njia ya mafungu inadai kiasi cha milioni 20. Kompyuta inayolinganisha mara milioni moja kwa sekunde itachukua karibu siku sita kwa njia ya kwanza, na kiasi cha sekunde 20 kwa njia ya pili.

Hapo ndipo ninapotaka wakubwa wa maofisi wanisikilize vizuri. Kazi ikizidi, dawa yetu imekuwa moja: kununua mashine mpya. Lakini kwa njia ya mapovu, mafaili yakiongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara nne. Kwa hiyo mkinunua mashine yenye kasi mara kumi, mkaendelea na utaratibu ule ule, katika muda ule ule mtapanga rekodi mara tatu tu zaidi ya zamani, au zaidi kidogo ya hapo. Fedha za walipa kodi zimekwenda, na mstaafu bado yuko kwenye foleni.

Hata hivyo, njia ya mafungu haiji bure. Inataka meza ya pili ya kuwekea fungu jipya. John von Neumann alipoiandikia kompyuta njia hii mwaka 1945, nafasi ndani ya mashine za wakati ule ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Ndipo mwaka 1959 kijana wa Kiingereza, Tony Hoare, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Moscow, akabuni njia nyingine. Alikuwa akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa kompyuta, akahitaji kupanga maneno ili yatafutwe kwenye kamusi. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa kama la mapovu, akaona litamchelewesha. Njia aliyoibuni ni hii: teua faili moja, madogo yote yapeleke kushoto kwake na makubwa kulia, kisha fanya vivyo hivyo kila upande. Kazi yote hufanyika kwenye rafu ile ile. Aliporudi Uingereza na kuajiriwa, aliwekeana dau la senti chache na mkubwa wake wa kazi kwamba njia yake ni ya kasi zaidi, akashinda.

Nayo ina kasoro yake. Ukiteua vibaya, kwa mfano kila mara faili la kwanza kwenye rafu iliyokwisha kupangwa, njia hii hupoteza kasi yake yote na kuwa goigoi kama ile ya mapovu.

Iko njia nyingine inayojulikana hata posta. Wekeni masanduku kumi, ya tarakimu 0 hadi 9. Yatupieni mafaili masandukuni kwa kufuata tarakimu ya mwisho, yakusanyeni kwa mpangilio huo, mrudie kwa tarakimu ya katikati, kisha ya kwanza. Mafaili 1,000 yenye namba za tarakimu tatu yatakuwa yamepangwa kwa mizunguko mitatu, bila kulinganisha faili na faili. Lakini lazima muwe na nafasi ya masanduku.

Mwalimu Nyerere, alipozungumzia Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Alikuwa akizungumzia uchumi, lakini maneno hayo yanaifaa masjala pia. Mwenye chumba finyu atachagua njia isiyotaka meza ya pili. Mwenye nafasi ataitumia nafasi hiyo kununulia muda. Kibaya ni kutochagua kabisa, mtu akarithi utaratibu wa aliyemtangulia bila kuuliza unakula nini.

Na mwenye mafaili yaliyokwisha kupangwa asiyavuruge ili aanze upya. Mwaka 2002 Tim Peters aliitengenezea lugha ya kompyuta iitwayo Python utaratibu unaotafuta kwanza vipande ambavyo tayari vimekaa sawa, kisha unaviunganisha. Kwa masjala zetu maana yake ni nyepesi: faili likirudi saa nne asubuhi, lirudishwe mahali pake saa nne asubuhi. Kulichomeka moja kunataka kutazama mafaili yasiyozidi 10. Mkiyaacha 1,000 yarundikane sakafuni, mmejitafutia kazi ya siku nyingi.

Ndugu wasikilizaji, safari nyingine mtakapoambiwa kwamba ofisi fulani imepata kompyuta mpya na huduma sasa itakuwa ya haraka, pigeni makofi kidogo. Kisha ulizeni maswali mawili: mafaili yanapangwa kwa utaratibu gani, na nani mwenye wajibu wa kulirudisha faili mahali pake likishatumika? Asipokuwapo wa kuyajibu, mjue kwamba mashine imekuja, lakini "njoo kesho" bado ipo pale pale dirishani.