Jina Linapoingia Daftarini

Kumtuhumu msaidizi wa muuguzi ni rahisi. Yeye ndiye anayeosha, kugeuza na kulisha wagonjwa, mara nyingi bila shahidi. Lakini mzee anayepigwa kofi usiku naye hana shahidi, kwa hiyo lalamiko lake lisipuuzwe.

Nchini Marekani, ambako wenzetu wengi wa Afrika Mashariki wanaifanya kazi hii, sheria ya mwaka 1987 ilitaka kila jimbo liwe na daftari la wasaidizi hao. Ikithibitika kwamba mmoja amemtesa, amemtelekeza au amemwibia mkazi wa nyumba ya wazee, jina lake huingia humo, na nyumba zinazolipwa na mifuko ya bima ya serikali haziruhusiwi kumwajiri. Kosa moja la kutelekeza laweza kuombewa kufutwa baada ya mwaka. La kutesa hubaki.

Kanuni zina kifungu kimoja cha haki: mtu hahesabiwi ametelekeza ikiwa sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Ukimwachia mfanyakazi mmoja ghorofa nzima ya wagonjwa, nani katelekeza? Kwangu mimi, wa kuulizwa kwanza hapo ni mwajiri.

Wewe au ndugu yako mkipokea barua ya tuhuma kutoka jimboni, msiikalie kwa aibu. Muda wa kuomba kusikilizwa ni siku 30 tangu tarehe ya barua. Ombeni, tena kwa maandishi.