Kazi ya Hesabu na Kazi ya Utawala



Jambo tunalotaka kuzungumza nanyi leo lahusu fedha ya ada, nayo si fedha ndogo. Mzazi auzaye ng'ombe ili mwanawe asome, yampasa kujua mapema faida itakayopatikana. Hapa Tanzania vijana wengi wamalizapo kidato cha sita hufika njia panda: huku uhasibu, huku utawala. Basi na tuzipime kazi hizi mbili kwa mizani moja.

Tuanze na mshahara. Watu wengi hudhani kwamba mhasibu hulipwa zaidi kwa kuwa fedha hupita mikononi mwake. Sivyo. Katika utumishi wa Serikali, mwenye shahada aanzaye kazi ya hesabu, na mwenzake aanzaye kuwa Afisa Tawala Daraja la II, kwa desturi huwekwa katika ngazi moja ya mshahara, iitwayo TGS D. Huanza sawasawa, mfano wa wakulima wawili waliopewa mashamba ya ukubwa mmoja. Tofauti yao huonekana katika miaka ifuatayo.

Mhasibu anayo Bodi yake, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo hutahini watu, na afaulue mtihani wa mwisho hupata cheti cha CPA. Mtihani huo ni mgumu, wengi huurudia. Lakini aliyekipata cheti amepata mali ya thamani. Akiondoka serikalini atapokewa benki, hospitalini, hotelini, au katika chama cha ushirika. Maana hesabu ni zile zile popote aendako, na kila mwajiri anakijua kipimo cha cheti kile.

Afisa tawala hapimwi hivyo. Yeye hupimwa kwa busara, kwa barua zake, kwa jinsi asikilizavyo mashauri na kuwapanga watu kazini. Sifa hizo hazionekani katika karatasi, na mara nyingi huthaminiwa zaidi katika ofisi aliyokulia kuliko kwa mgeni asiyemjua. Kwa hiyo kuhama kwampa taabu kuliko mwenzake.

Lakini msifanye haraka kuhukumu, kwa maana ngazi ya utawala ni ndefu. Juu yake wako Makatibu Tawala wa wilaya na wa mikoa, Wakurugenzi wa halmashauri, na Makatibu Wakuu wa wizara. Vyeo hivyo vya juu ni vya kuteuliwa, wala havipatikani kwa mtihani. Wengi hutumika miaka yote wasivifikie. Tena hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika wizara, mwenye kujibu mbele ya Bunge juu ya fedha iliyotumika ni Katibu Mkuu, aitwaye Afisa Masuuli. Mhasibu huandika na kushauri. Dhima kubwa humwangukia mtawala. Mtawala asiyejua kusoma hesabu hutia sahihi gizani.

Wako wanaouliza: Je, kompyuta haitamwondoa mhasibu? Ni kweli kwamba siku hizi malipo ya Serikali hupitia mfumo wa kompyuta uitwao MUSE, na kazi ya kunakili tarakimu kwa mkono imepungua. Lakini kompyuta haiwezi kwenda kuhakikisha kama mifuko ya saruji iliyoandikwa imefika kweli kwenye zahanati ya kijiji. Hilo lataka mtu mwaminifu, ajuaye kuuliza. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ushauri wetu ni huu. Kijana apendaye tarakimu, avumiliaye kukaa na kazi moja hata iishe, na asiyekata tamaa akishindwa mtihani, na aende uhasibu. Njia yake ni nyembamba lakini alama zake ziko wazi. Kijana apatanishaye wenzake wagombanapo, na aandikaye barua ikaeleweka, na aende utawala. Lakini ajifunze hesabu pia. Akiwa bado hajui moyo wake wapenda nini, afadhali aanze na hesabu. Mhasibu aweza kupanda akawa mkuu wa ofisi. Mtawala atakaye kuwa mhasibu hana budi kurudi kwenye mitihani ya Bodi.

Nanyi wazazi, msimchagulie mtoto kazi kwa sababu ya kiti na meza. Mtazameni kwanza afanyavyo pale nyumbani mnapomtuma dukani: je, hurudisha chenji kamili, na hueleza vema alivyoitumia? Hapo ndipo kazi zote mbili zianzapo.