Mji ni Watu

Mwalimu akihamishiwa Shela, kijiji cha pwani karibu kilomita 3 kutoka mji wa Lamu, hutafuta chumba cha kupanga kwa mwezi. Nyumba zipo, tena za mawe, za ghorofa. Lakini nyingi zimenunuliwa na wageni, na kodi yake huhesabiwa kwa usiku. Mshahara wa mwalimu hauhesabiwi hivyo.

Kutafuta faida si dhambi. Lakini je, mwalimu, muuguzi na fundi wote wakilala Lamu mjini na kuja asubuhi kwa mashua, Shela itakuwa kijiji au hoteli? Wenye nyumba, tengeni walau chumba kimoja cha mpangaji wa mwezi. Mji ni watu, si kuta.