Ardhi Yenye Historia Si Bidhaa ya Dalali



Yapo matangazo ya kuuza ardhi ya shamba yanayosifu mambo matatu kwa pamoja: kwamba mahali hapo pametulia mbali na watu, kwamba mandhari yake ni ya kupendeza, na kwamba pana historia ya kale. Asemalo dalali huwa kweli. Asilolisema ni kwamba katika Tanzania mambo hayo hayapimwi sokoni kama magunia ya mahindi.

Mfano mzuri ni Engaruka, wilayani Monduli. Mahali hapo pako chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kaskazini yake umesimama mlima wa moto wa Oldonyo Lengai. Ni nchi kavu. Hata hivyo, tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18 wakulima wengi waliishi hapo, wakajenga vijiji vya mawe mteremkoni na kulima kiasi cha hekta 2,000 kwa mifereji iliyovuta maji ya vijito vishukavyo ukingoni. Kuta za mashamba yao zilipangwa jiwe juu ya jiwe, bila chokaa. Mjerumani Gustav Fischer alipita huko mwaka 1883 na kuandika habari za magofu hayo. Louis Leakey alifika mwaka 1935. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakichunga ng'ombe wao humo humo bila kungoja magofu yagunduliwe.

Mtu akilitazama eneo la namna hiyo kwa jicho la dalali, huona pori lisilo na mwenyewe. Kumbe utulivu anaousifu ni malisho yanayopumzishwa. Njia inayoonekana kuachwa ndiyo mifugo hupita kwenda majini. Na rundo la mawe ni ukuta wa shamba la kale. Uzio ukishazungushwa, mifugo hukosa njia. Kisha mawe nayo huanza kuondoka, moja moja, kwenda kuwa msingi wa nyumba ya wageni. Ukuta wa kale ukibomolewa, hata ukijengwa upya, hauonyeshi tena maji yalipita wapi wala mkulima alitenga vipi shamba lake na la jirani.

Hatari hii ilionwa mapema. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika "Mali ya Taifa", akipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuifanya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi ya kuuza na kununua, kwa hoja kwamba wenye fedha wangeinunua na wenyeji wakabaki wapangaji katika nchi yao. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeshika msingi huo huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Kinachohamishwa ni haki ya kuitumia tu. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliokubaliwa kisheria. Halmashauri ya Kijiji nayo haina mamlaka ya kuigawa kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahusu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, hata yawe katikati ya shamba la mtu.

Lakini sheria haijisimamii yenyewe. Kijijini, karatasi ya makubaliano huandikwa na yule mwenye mwandiko mzuri, na mara nyingi huyo ni mwalimu. Mhuri uko kwa Afisa Mtendaji. Watumishi hao wawili ndio mlango. Kabla ya kushika kalamu, mwalimu na aombe kuuona muhtasari wa Mkutano Mkuu, wenye tarehe na majina ya waliohudhuria. Akiambiwa muhtasari utaletwa kesho, basi karatasi nayo ingoje hadi kesho. Na wazee wa maboma ya jirani waulizwe mifugo yao hunywa wapi wakati wa kiangazi, kwa kuwa hilo halimo katika ramani ya dalali.