Akishaupapasa Uvimbe, Aende Wapi?

Msikilizaji, tangazo la Oktoba umeshalisikia: kina mama wajichunguze matiti nyumbani. Redio hii hailipingi. Mwanamke alizoee titi lake, ili likibadilika atambue mapema. Tunauliza moja tu: akishaupapasa uvimbe, aende wapi?

Aende zahanati, tutajibiwa. Zahanati zetu tunazijua. Mama anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Anarudi, anapewa antibayotiki. Ultrasaundi hakuna, wa kuchukua kinyama kikapimwe maabara hayupo, na rufaa haiandikwi. Ikiandikwa, nauli. Tulilisema suala la nauli mwaka jana, na leo tunalisema tena. Mama wa Namtumbo anayetakiwa kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anaanza kwa kutafuta mnunuzi wa mahindi. Mnunuzi asipopatikana, uvimbe unaendelea kukua.

Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walifuatiliwa kwa miaka kumi hivi. Nusu yao walifundishwa kujichunguza, tena kwa bidii. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya matiti havikupungua kwao. Kwa hiyo mkono wa mama peke yake hautoshi. Mkono unagundua, anayepima na kutibu ni hospitali. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku 60! Kuna mama wanaozimaliza wakisaka nauli.

Akishaupapasa uvimbe, aende wapi? Wizara ya Afya itujibu kwa jina la kituo, kwa siku ya kliniki, kwa nauli.

Na wewe mama unayetusikiliza, jibu lichelewe au lisichelewe, usikae. Uvimbe mwingi si saratani, lakini wa saratani mwanzoni mara nyingi hauna maumivu, basi usisubiri maumivu. Siku chache baada ya hedhi, lala chali, pitisha vidole vitatu vya katikati titi zima mpaka kwapani. Ukikuta kifundo kigeni, chuchu iliyozama ndani, damu inayotoka chuchuni, au ngozi iliyo kama ganda la chungwa, nenda kituoni! Usipitie kwanza kwa mwenye mizizi. Ukirudishwa na dawa ya maumivu, ikatae safari hiyo ya mikono mitupu: dai rufaa, dai iandikwe, mchukue dada yako mdai wawili. Baba, nauli hiyo itoe wewe. Na titi lako pia lipapase, kwani wanaume nao huugua, japo wachache.

Mganga wa zahanati, kalamu unayo. Iandike rufaa leo, kabla mama hajatoka mlangoni.