Sanduku la Bahati na Hesabu Yake

Alhamdulillahi Rabbil Alamin. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wanafunzi wetu wametuuliza: je, masanduku ya bahati yauzwayo ndani ya michezo ya simu na kompyuta yana faida?

Na tuhesabu pamoja. Tuseme sanduku ni shilingi 500, na katika kila 100 moja tu hutoa upanga wa thamani ya shilingi 20,000. Mengine hayana kitu. Anunuaye 100 hutoa shilingi 50,000 akitarajia 20,000. Wala hata hizo hana ahadi nazo, kwani kila sanduku huanza bahati upya: katika watu 100 wafanyao hivyo, yapata 37 hutoka mikono mitupu. Afaidiye ni muuzaji.

Mwaka 2018 Ubelgiji iliyahukumu masanduku ya namna hii, katika baadhi ya michezo, kuwa kamari. Nasi tulikwisha kukatazwa kamari katika Suratul Maida, aya ya 90. Lau hesabu ingeleta faida, hukumu isingebadilika. Basi mbona tumehesabu? Ili kijana ajue kwamba alichozuiliwa si pato, bali ni hasara.

Enyi wazazi, waulizeni watoto kwa upole fedha zaendako. Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Amin.